Nifute Kwanza Mimi

Mhoja, kaa. Kiti hiki kina mguu mmoja mfupi,
egemea kushoto. Huo ndio mzigo wa kwanza ninaokukabidhi.
Wa pili ni hili boksi linalounguruma chini ya feni:
ndani yake warina asali elfu tatu na mia mbili,
wa Sikonge, wa Ipole, wa Uyui hadi Kaliua,
kila mtu na mizinga yake, kilo zake, namba yake ya malipo.

Nilipofika hapa, mfumo mzima ulifunguka kwa neno "asali".
Asali! Tabora hii!
Hata nyegere angebahatisha.

Na palikuwa na jina moja la kuingilia, "karani",
watu wanne wakilichangia kama kata ya mtungini.
Siku kilo tisini na sita za Kapufi
zilipogeuka sitini na tisa,
nilifungua daftari la matukio, likanijibu: karani.
Karani yupi?
Karani.
Kapufi kasimama pale mlangoni na risiti ya mizani
aliyoikunja mara nane.
Tulimlipa. Aliyegeuza tarakimu hatujamjua mpaka leo,
na wote wanne bado nakunywa nao chai.

Kwa hiyo kila mtu na jina lake,
na kila jina kadiri ya kazi yake.
Wa mizani aandike kilo, asione simu.
Wa malipo azione kilo, asiziguse.
Meneja atakuja amenuna, atakukumbusha kwamba yeye ni meneja.
Mpe kusoma tu. Mpe na chai.

Yuko mama wa Uyui, Ng'washi.
Siku tulipomsajili mfumo ulianguka
kwa sababu ya ritifaa, kale kadoa ka juu
bibi zetu wanakokatamka puani bila taabu.
Kijana wa fomu akasema tumwandike Ngwashi, yaishe.
Nikakataa. Kosa si la jina.
Mlango unaovunjwa na jina la mama wa watu
utavunjwa na atakayekuja usiku kwa makusudi,
ritifaa moja mkononi, na nyuma yake amri: futa vyote.
Tukayaandika upya maswali yote ya mfumo,
jina lipite kwenye mrija wake, libaki jina.
Leo wamo Ng'washi kumi na saba. Wahesabu.

Nakala rudufu. Hapa naona aibu.
Miezi saba nilizipanga kabatini, tarehe kwa wino mwekundu.
Radi ya Desemba ikapiga nguzo ya Cheyo,
nikafungua ya kwanza: tupu.
Ya pili: tupu.
Mizinga imening'inizwa vizuri, nyuki hamna.
Siku tisa tulizunguka na pikipiki tukiwaomba watu risiti zao.
Nakala usiyowahi kuirudisha ni uvumi, Mhoja.
Kila Ijumaa irudishe moja kwenye ile mashine mbovu,
na nyingine, iliyofungwa kwa msimbo, ilale mbali na jengo hili.

Treni ya Kigoma inapita usiku.
Fungua orodha ya watumiaji. Nitafute: nyamizi.
Miaka kumi na mmoja.
Najua unaona haya. Utasema, mama, tukikwama je?
Tuliache walau hadi msimu wa Juni.
Mzinga uliohamwa haukai mtupu, mwanangu,
kitu kitaingia, na hakitakuwa nyuki.
Niliyoyafanya yaache daftarini. Jina la kuingilia ling'oe.
Mimi naangalia dirishani.

Umebonyeza?
Ngoja nijaribu.
Vidole vile vile, nywila ile ile,
na mashine inanijibu: mtumiaji huyu hatambuliki.

Vizuri.
Nipe hicho kifuko cha karanga, nishike njia ya stesheni.